Ukubwa wa Siku Moja

Kwa wiki tatu hospitali ilikuwa na rosta mbili ukutani. Moja ilikuwa na sahihi ya Daktari Nahashon, ya pili sahihi ya Daktari Maimuna, na zote zilibandikwa kwenye ubao mmoja, bega kwa bega, kama wake wenza wasiosemezana. Mfanyakazi akifika asubuhi alisimama pale, akazisoma zote mbili, akageuka kutazama ni nani aliye nyuma yake, ndipo akaamua afuate ipi.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya serikali, kando ya barabara iendayo Msambweni, si kubwa sana wala si ndogo. Daktari msimamizi alikuwa amehamishiwa Kwale mjini, na kiti chake kikabaki kitupu. Utaratibu ulisema atakayekaimu awe ndiye mkubwa kikazi miongoni mwa waliobaki. Sasa mkubwa ni nani? Nahashon na Maimuna walikuwa daraja moja. Barua zao za kuajiriwa zilitoka siku moja, wakapandishwa cheo siku moja, na wote wawili walikuwa wametimiza miaka tisa pale pale. Kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye mkubwa, na kila mmoja akaandika rosta.

Bi Subira aliyaona haya yote kutoka kaunta ya usajili, maana ubao ulikuwa mkabala naye. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nne, mjane, mzaliwa wa Waa. Babake alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa kijijini. Shule aliifikisha darasa la saba, na chuoni alihitimu msahafu mara mbili. Pale hospitali aliingia kwa kufagia. Alifagia miaka kumi na mmoja, hata siku moja metroni mmoja akaona jina alilojiandikia kwenye ndoo yake, akasema mwandiko kama huu hauwezi kukaa na ndoo. Ndipo akapelekwa kaunta, naye hakutoka tena.

Daktari Maimuna alikuwa mtoto wa kaka yake, Chande. Miaka minne ya sekondari msichana yule aliishi kwa Subira kwa kuwa shule ilikuwa karibu. Subira ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemwamsha alfajiri, na ndiye aliyempepea usiku wa joto akisomea mtihani. Kwa hiyo watu walipokuja kaunta na maneno ya kiti, Subira hakuwa mtu wa pembeni, na kila mtu alilijua hilo.

"Mama Subira," Feisal wa chumba cha dawa alimwambia asubuhi moja, "leo tumeamkia serikali gani?"

"Tumeamkia ya Mwenyezi Mungu. Nenda kazini."

"Nauliza tu. Kiti ni kimoja, wanaokitaka ni wawili. Mwishowe mmoja atampakata mwenziwe."

Nesi Gillian, aliyetoka bara na aliyekuwa akisubiri mafaili, alicheka nusu kisha akajizuia. "Aki Feisal, utatufutisha kazi. Si wampee tu Daktari Nahashon, yaishe? Yeye ni mpole."

"Na Daktari Maimuna ana ukali gani?" Feisal akamuuliza.

"Sijasema ni mkali. Nimesema yule mwingine ni mpole."

"Hapo umeshasema, dada yangu. Kilichobaki ni kutia sahihi."

Yalikuwa mzaha mpaka ile Jumapili. Mwanamke wa Galu aliletwa na mumewe kwa tuktuk, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto hashuki. Gillian akampigia simu Daktari Maimuna. Maimuna akasema leo si zamu yake, tazama rosta. Gillian akampigia Daktari Nahashon. Nahashon akasema leo si zamu yake, tazama rosta. Na wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa karatasi yake. Ilipita saa nzima na zaidi kabla Gillian hajapiga tena, safari hii akilia, na madaktari wote wawili wakaja mbio wakakutana mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mama alipona. Mtoto alikawia kulia, wakamweka kwenye chumba cha watoto chini ya taa, na kwa siku mbili hakuna aliyeweza kusema atakuwaje. Siku ya tatu alinyonya.

Yule mume, mlinzi wa hoteli huko Galu, alikaa kwenye benchi mbele ya kaunta na kofia yake ya kazi magotini. Hakumgombeza mtu. Aliuliza tu, "Bi mkubwa, kwani hapa daktari ni nani?"

Subira alimwonyesha mlango wa chumba cha watoto.

Habari ilifika kwa wakubwa, na wakubwa wakaamua: Jumatano ya wiki iliyofuata kamati ya watu watatu itakuja kusikiza shauri na kumaliza. Jumatatu, afisa wa utumishi, binti mmoja kwa jina Judy, alikuja kaunta akamwambia Subira amtafutie kitabu cha kuripotia kazini cha mwaka 2015.

"Cha nini, mwanangu?"

"Wana barua za siku moja, mama, kwa hivyo mkubwa ni yule aliyeripoti mbele. Na kama waliripoti siku moja, basi mkubwa ni mwenye umri."

Kitabu kilikuwa stoo, chini ya vingine, kimeliwa pembe na mchwa. Subira alikipangusa kwa leso yake na kukifungua akiwa amesimama. Aliufikia mwezi wa sita. Mwandiko ulikuwa wake. *Ijumaa, 12/6/2015, Dkt. Nahashon Kilonzo, ameripoti.* Na chini yake, mstari wa pili: *Ijumaa, 12/6/2015, Dkt. Maimuna Chande, ameripoti.*

Judy alichungulia juu ya bega lake. "Siku moja. Basi imeisha. Daktari Maimuna amemzidi miezi mitano."

"Lakini huyu yuko juu ya huyu," Subira alisema, akiweka kidole.

"Sheria inahesabu siku, mama, haihesabu mistari."

Judy akakichukua kitabu akaenda nacho. Subira alibaki stoo, mkono umeshika rafu. Kwa maana alikuwa amekumbuka.

Nahashon hakufika Ijumaa. Alifika Alhamisi, jua limeshazama. Kivuko cha Likoni kilikuwa kimemchelewesha. Subira alikuwa ndio kwanza amekunja mkeka wake baada ya kuswali magharibi nyuma ya kaunta, akamwona kijana mwembamba amesimama na sanduku lililofungwa kamba, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alimpa maji na kipande cha mkate wa kumimina. Kijana alikula amesimama, akashukuru mara tatu. Kisha Subira akafungua kitabu, maana wakati ule ofisi ikifungwa kitabu kililetwa kaunta, akaandika tarehe ya kesho. Maimuna aliripoti asubuhi yake, akaandikwa mstari wa chini.

Hakuandika kwa hila. Ndivyo alivyolelewa. Nyumbani kwa mwadhini, jua likizama siku imekwisha. Usiku unaoingia ni wa siku inayokuja. Alhamisi baada ya magharibi huwa wameshaingia Ijumaa, ndipo watu husoma Yasini wakawaombea maiti wao. Ndivyo mwezi wa Ramadhani unavyoingia, ndivyo eda inavyohesabiwa. Subira alikuwa na siku kumi na mbili tu pale kaunta, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba serikali hubadilisha siku saa sita ya usiku, watu wamelala. Metroni ndiye aliyekuja kuligundua siku chache baadaye, akamcheka kwa upole, akamfundisha. Tangu hapo hakukosea tena. Lakini ya nyuma hayakurekebishwa, kwa kuwa hakuna aliyeona kama yangekuwa na maana. Metroni sasa alikuwa marehemu. Waliojua walikuwa wawili: yeye na Nahashon.

Na Nahashon alikuja jioni ile ile, kabla hajafunga kaunta. Miaka tisa ilikuwa imemnenepesha kidogo na kumtia mvi pembeni.

"Mama Subira, habari ya jioni?"

"Njema, daktari."

"Wameniambia kitabu kinasema Ijumaa." Aliweka mikono yake miwili juu ya kaunta. "Mimi nilifika hapa Alhamisi. Giza ilikuwa inaingia. Ni wewe ulinipokea, ukanipatia maji. Unakumbuka?"

Subira alipanga mafaili yaliyokuwa yamekwisha pangwa.

"Miaka tisa ni mingi, daktari," alisema.

Nahashon aliondoa mikono yake kaunta. "Ni mingi, kweli," akasema, na akaondoka. Subira alikaa chini. Alikuwa hajasema uwongo, na hata hivyo kinywa chake kilikuwa kichungu kama aliyetafuna mwarobaini.

Jumanne asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini, Chande alibisha hodi. Alikuwa ametoka Waa na kikapu cha mihogo na madafu manne, uso umenawiri.

"Dada, umesikia? Kitabu kimesema."

"Nimesikia."

"Mtoto wa mkulima wa mihogo, mkubwa wa hospitali nzima. Imamu ameshaniuliza maulidi tutasoma lini. Nimemwambia tungoje Jumatano ipite." Akakaa upenuni, akavua kofia. "Na yule wa bara ati asema alikuja Alhamisi. Watu hawa hawatosheki. Bandari wameichukua, hoteli wamezichukua, sasa wataka na Alhamisi."

Subira alimmiminia chai. Akampa kikombe mkononi.

"Chande. Kweli alikuja Alhamisi."

Akamweleza. Chande alisikiliza hadi mwisho, chai ikipoa mkononi. Nuru ilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Nani mwingine anajua haya?"

"Yeye mwenyewe."

"Yeye hahesabiki. Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi hakuna." Akaweka kikombe. "Sikiza, dada. Wewe hukuandika kwa ubaya. Ulifuata mafundisho ya baba. Pengine Mungu ndiye aliyekuandikisha vile, akijua siku hii itakuja."

"Usimsingizie Mungu."

"Nasema pengine. Na hakuna atakayekuapisha."

"Malaika hawangoji kiapo, Chande. Wao huandika tu."

Chande alisimama akavaa kofia yake. Mlangoni aligeuka. "Ukimwangusha mtoto yule, mimi sitakujua," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba zaidi ya anayetisha.

Siku nzima Subira alifanya kazi akihisi kama amebeba ndoo ya maji kichwani na asithubutu kuinama. Alasiri, wagonjwa walipopungua, alikwenda chumba cha Maimuna. Alimkuta anaosha mikono.

"Shikamoo, shangazi. Mbona umesimama? Keti."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno."

Alilisema lote kwa pumzi moja, kwa kuwa alijua akipumzika katikati hataendelea. Maimuna alifunga bomba. Akajipangusa kidole kimoja kimoja.

"Una hakika ilikuwa Alhamisi?"

"Nina hakika."

"Juzi ulitafuta miwani nyumba nzima, na ulikuwa umeivaa kichwani."

"Miwani niliisahau. Hili sikulisahau. Niliacha tu kulitazama."

Maimuna alikaa. Nje Gillian alisikika akimwita mgonjwa jina. Maimuna alipoanza kusema, hakupandisha sauti.

"Unajua ni Idi ngapi nimekaa hapa, shangazi? Idi ikija wenzangu husema Maimuna kwao ni karibu, ataswali aje ashike zamu. Krismasi ikija husema Maimuna si sikukuu yake, ashike yeye. Miaka tisa. Mama yangu alikata roho mimi niko chumba cha upasuaji, nimeshika tumbo la mke wa mtu. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia. Na leo ukubwa wangu upimwe kwa jua kuzama?"

"Mimi sikupimi, mwanangu."

"Lakini wao watanipima. Na kama usingesema, wangenipima vizuri." Alifuta macho kwa kiganja, haraka, kama aliyeingiwa na vumbi. "Mimi siwezi kukwambia useme uwongo. Umenilea, siwezi. Lakini kesho watakuuliza jambo moja tu: mwandiko huu ni wako? Sema ni wangu. Hiyo ni kweli. Kisha utoke. Basi. Usiloulizwa usilijibu."

Subira aliondoka pale akiwa hajaahidi wala hajakataa. Usiku alirefusha sijda mpaka magoti yakafa ganzi. Hakuomba aonyeshwe lililo kweli, kwani hilo alilijua. Aliomba tu asiwe yeye wa kulisema.

Jumatano kamati ilikaa katika chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa Bwana Tsofa, mtu mzima wa pwani, mwenye sauti nzito na miwani inayoshuka puani. Kulia kwake mwanamke wa makamo kutoka bara, Bi Jacinter, kushoto kwake kijana aliyeandika kila kitu. Nahashon alikaa upande mmoja wa meza, Maimuna upande wa pili. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Kitabu kilikuwa katikati, kimefunuliwa.

"Mama, karibu. Hatutakuchelewesha," Bwana Tsofa alisema. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na tarehe hizi mbili, ni wewe uliyeziandika?"

"Niliziandika mimi."

"Hakuna aliyekwambia uandike vingine?"

"Hakuna."

"Ahsante. Unaweza kwenda kazini."

Ikawa imekwisha kwa wepesi ule. Subira alisimama. Alihisi macho ya Maimuna yakimsindikiza mpaka mlangoni. Alishika kitasa, kikawa baridi mkononi. Hakuwa amesema uwongo hata neno moja, na kule nje kulikuwa na foleni ya watu wakingoja mafaili. Akilini akaliona benchi lile mbele ya kaunta, na mtu wa Galu na kofia yake magotini. Akaachia kitasa.

Kisha akageuka.

"Bwana mwenyekiti, mmeniuliza kama niliandika. Hamkuniuliza kama nilikosea."

Kijana aliacha kuandika. Bwana Tsofa alisukuma miwani juu. "Ulikosea?"

"Nilikosea. Daktari Nahashon alikuja Alhamisi, baada ya magharibi. Nikamwandika Ijumaa."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa jua lilikuwa limezama."

Bi Jacinter aliinamisha kichwa kama asiyesikia vizuri. "Kwani huku siku inabadilika saa ngapi?"

"Kwetu sisi, magharibi, mama," Subira alimjibu. "Nilikuwa mgeni pale kaunta. Sikujua ya serikali."

Bwana Tsofa hakucheka. Alimweleza mwenziwe kwa maneno machache mambo ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na Bi Jacinter akasikiliza, lakini uso wake haukulegea. "Hayo ni maneno tu," alisema. "Tarehe imeandikwa. Mtu yeyote anaweza kuja leo akatuambia jua lilizama."

"Si maneno tu," Subira akasema. "Itazameni rejista ya wagonjwa ya mwezi ule. Nayo niliiandika mimi."

Judy alitumwa stoo. Walimngoja. Feni ya darini ilizunguka ikilia. Maimuna alikuwa ameiweka mikono yake mapajani na kuitazama tu. Nahashon alikuwa akikunja pembe ya karatasi, anakunjua, anakunja tena. Subira hakukaribishwa kukaa, akabaki amesimama karibu na mlango.

Rejista ililetwa. Bwana Tsofa aliifunua, akaweka kidole akashuka nacho mstari kwa mstari. Alhamisi tarehe kumi na moja: wagonjwa wa asubuhi, wa adhuhuri, wa alasiri. Kisha, pale pale, katikati ya ukurasa, tarehe ikaruka, wagonjwa sita wa jioni wakawa wa tarehe kumi na mbili. Akarudi nyuma. Jumatano vile vile. Jumanne vile vile. Akaenda mbele mpaka tarehe kumi na sita, na kuanzia pale jioni zikarejea mahali pake.

"Kumi na sita ndipo metroni aliponifundisha," Subira alisema.

"Basi wiki mbili nzima," Bwana Tsofa alinong'ona, "wagonjwa wetu wa jioni walitibiwa kesho yake." Akamsogezea Bi Jacinter kitabu. Naye alikitazama kwa muda, kisha akainua macho.

"Kwa nini umekaa kimya miaka tisa?"

"Sikuona kama kuna haja, mama. Na tangu Jumatatu nilipoiona haja, nilinyamaza kwa kuogopa."

"Kuogopa nini? Daktari Maimuna ni nani kwako?"

"Ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea."

Bi Jacinter alifunga rejista taratibu. Hakuuliza tena. Maimuna alisimama, akasema kwa adabu, "Naomba ruhusa, nina wagonjwa wodini," akampita shangazi yake mlangoni bila kumgusa hata ukingo wa buibui.

Barua zilitoka baada ya siku nane. Daktari Nahashon akaimu usimamizi wa hospitali, kwa kuwa ameripoti tarehe 11. Rosta moja ilibanduliwa, moja ikabaki. Bi Subira naye alipata barua yake: onyo, kwa kosa la kuingiza tarehe isiyo sahihi katika kumbukumbu za serikali na kutolitaja kwa wakati. Akatolewa kaunta akapelekwa stoo ya mashuka, miaka sita kabla ya kustaafu. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba. Hakuona kama imemwonea.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Chande alitimiza neno lake. Ndugu huyo akipita Ukunda, alikokaa Subira, hapiti kwake. Maulidi hayakusomwa. Huko Waa wanawake waliokuwa wakimkaribisha jamvini sasa waliitikia salamu yake wakitazama ungo. Na Maimuna, wakikutana ukumbini, alisema, "Habari, Bi Subira," kama mtu na karani.

Daktari Nahashon alikuja stoo siku moja kumshukuru. Alisimama kati ya marobota ya mashuka hajui aweke wapi mikono.

"Usinishukuru, daktari," Subira alimwambia. "Ulinijia Jumatatu ile ukaniuliza, nikakuficha. Mimi ndiye ninayekuomba radhi."

"Nilijua unakumbuka," Nahashon akasema. "Niliona vile ulikuwa unapanga mafaili."

"Basi mbona hukuwaambia kamati waniulize?"

Alifikiri. "Ungekataa, ningebaki sina kitu. Si kiti tu, hata wewe." Akaaga akaenda, na kazi ya kiti kile ilikuwa imeshaanza kumkondesha.

Wiki ya saba, Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, mlango wa stoo ulisukumwa. Maimuna alisimama kizingitini na koti lake jeupe mkononi.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Ingia na hasira zako. Na ufunge mlango, vumbi linaingilia mashuka."

Aliingia. Akatazama huku na huku kana kwamba hakuwahi kuona stoo. Subira alikuwa akikunja mashuka yaliyotoka kufuliwa, na kazi ile kwa mtu mmoja ni ndefu. Yalikuwa yakimburuta sakafuni. Maimuna alitundika koti kwenye msumari, akashika pembe mbili za upande wa pili. Wakanyoosha, wakakaribiana, wakakunja. Likawa la pili, la tatu, la kumi.

"Ungenyamaza tu," Maimuna akasema, macho kwenye pindo. "Ulikuwa umeshafika mlangoni."

"Nilikuwa nimefika."

"Baba amesema hataki kusikia jina lako."

"Najua."

"Nimemwambia na mimi sitaki kusikia lake, kama ni hivyo." Alivuta pumzi. "Si kwamba nimekusamehe. Nimechoka tu kupita ukumbini nikiangalia chini."

Subira alichukua shuka jingine akamrushia pembe, Maimuna akazidaka.

Walikuwa wamebakisha machache Gillian alipogonga. "Daktari, unaitwa wodi ya wazazi. Ni haraka."

Maimuna aliachia shuka, akanyakua koti, akatoka akikimbia, na mlango ukabaki wazi. Subira aliufunga. Kisha akalitazama lile shuka lililoachiwa, limekunjwa nusu, tena mshazari, akalikunjua, akalikunja upya.